Chakula na Vinywaji Unapotumia Dawa za Steroidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akifika dirishani kwangu na cheti cha prednisoloni, mojawapo ya dawa za steroidi, mara nyingi huuliza kabla sijamaliza kuhesabu vidonge: "Daktari, hii haipatani na chakula gani?" Mimi ni mfamasia, lakini hapa Tanga kila aliye nyuma ya dirisha la dawa huitwa daktari, na swali lenyewe ni zuri. Nimelijibu kwa miaka mingi, na nyumbani nimeliishi pia, maana mama yangu mzazi anatumia prednisoloni kwa ajili ya baridi yabisi ya viungo.

Niseme mapema: vyakula vinavyoingilia dawa yenyewe ni vichache, vidole vya mkono mmoja vinatosha kuvihesabu. Kazi kubwa iko upande wa pili. Dawa hizi hubadili namna mwili unavyopokea chumvi, sukari na kalisi (kalsiamu) ya mifupa, kwa hiyo sahani ile ile uliyokula mwaka jana bila shida, leo inaweza kukuvimbisha miguu. Dozi yako anaijua daktari wako. Hapa nazungumzia sahani na glasi.

Steroidi ndizo zile wanazotumia vijana wa jimu?

Hapana. Zile za kujaza misuli ni jamaa wa homoni za kiume, na hazimo katika ukurasa huu. Hizi tunazozungumzia zinafanana na kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo. Ukisoma kwenye pakiti prednisoloni, prednisoni, deksamethasoni, haidrokotisoni, methilprednisoloni, betamethasoni au budesonidi, uko mahali pake.

Hutuliza uvimbe wa ndani na kupunguza ukali wa kinga ya mwili, ndiyo maana utazikuta kwenye pumu, lupasi, mzio mkali, maradhi fulani ya figo ya watoto, athari za ukoma kwenye mishipa ya fahamu, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kifua kikuu. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba deksamethasoni ya miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliohitaji oksijeni, na tangu hapo jina hilo likawa midomoni mwa kila mtu.

Usilinganishe miligramu zako na za jirani. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu sawa na 20 za haidrokotisoni, 4 za methilprednisoloni, na chini ya 1 ya deksamethasoni. Kidonge kidogo si dawa ndogo.

Nimeze kabla ya kula au baada?

Baada ya kula, au katikati ya mlo, na maji ya kutosha. Tumbo tupu huungua kwa dawa hii. Kama dozi yako ni ya mara moja kwa siku, imeze asubuhi baada ya staftahi, kwa sababu mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi kuelekea alfajiri na asubuhi. Anayemeza usiku atahesabu boriti za dari.

Chai kavu na andazi moja ni staftahi? Kwa kulinda tumbo, inatosha kwa siku moja. Kwa miezi, tafuta kitu kizito zaidi: uji wa mtama au ulezi wenye maziwa, yai, kiazi kitamu, maharage yaliyobaki jana.

Nimeambiwa nisimeze na maziwa. Kweli?

Kwa vidonge vya kawaida vya prednisoloni, si kweli. Maziwa ni rafiki mzuri, tena yanaleta kalisi utakayoihitaji. Nadhani fununu hii ilitoka kwenye dawa nyingine, kwa mfano tetrasaiklini na siprofloksasini, ambazo kweli huharibiwa kazi na maziwa. Watu wakachukua sharti la dawa moja wakaivisha nyingine.

Cha kuangalia ni dawa za kiungulia, zile za maji meupe au za kutafuna zenye magnesiamu na aluminiamu. Hizo zikikutana tumboni na prednisoloni zinaweza kupunguza kiasi kinachoingia damuni. Ziache zipishane kwa saa mbili au zaidi. Kama vidonge vyako ni vile vyenye ganda laini linalong'aa, vilivyotengenezwa viyeyukie kwenye utumbo, visivunjwe wala visitafunwe, na navyo visikutanishwe na dawa ya kiungulia.

Kuna tunda la kuogopa?

Moja hasa: balungi. Na ndugu yake, danzi, lile chungwa chungu la kutengenezea achari na jemu.

Ndani ya kuta za utumbo kuna kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuvunja dawa kabla hazijaingia damuni. Balungi lina kemikali zinazokilemaza kimeng'enya hicho. Matokeo yake dawa inayopita ni nyingi kuliko aliyokusudia daktari. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati huko London, Ontario, Kanada: watafiti walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha, wakashangaa kuona dawa imejaa kwenye damu za watu. Taarifa yao kamili ilitoka mwaka 1991.

Steroidi haziathiriki sawasawa. Budesonidi ya kumeza, inayotolewa kwa maradhi ya utumbo, inaweza kuongezeka damuni takriban mara mbili. Methilprednisoloni ilipojaribiwa na juisi nyingi ya balungi iliongezeka kwa karibu robo tatu. Prednisoloni, ambayo ndiyo wengi wetu huandikiwa, haibadiliki kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Kwa hiyo kama unatumia prednisoloni na umekula kipande cha balungi kwa shangazi, lala salama. Kama ni budesonidi au methilprednisoloni, liache kabisa, na usidhani kulila asubuhi na kumeza jioni kutasaidia: athari yake hukaa siku nzima na zaidi, mpaka utumbo utengeneze kimeng'enya kipya. Deksamethasoni nayo huvunjwa kwa njia hiyo hiyo, nami huwashauri wanaoitumia kwa muda waliache.

Machungwa matamu, machenza, maembe, mapapai, mananasi, mapera: kula. Matone ya ndimu kwenye mchicha au supu hayana neno.

Urukususu je?

Hapa ndipo ninaposimama na kumwangalia mtu usoni. Mzizi huu unauzwa na wauza dawa za Kiarabu kwa kikohozi na vidonda vya tumbo. Misri na Shamu hunywewa kama sharubati, hasa wakati wa kufuturu, na ndugu zetu walioko Ghuba wanaweza kukutana nao huko. Umo pia kwenye peremende nyeusi za Ulaya na kwenye baadhi ya chai za mitishamba za pakiti.

Figo zina kimeng'enya kinachozima kotisoli ili isizifanye zishike chumvi kupita kiasi. Urukususu hukizuia kimeng'enya hicho. Mwili unashika chumvi na maji, unamwaga potasiamu kwenye mkojo, presha inapanda. Prednisoloni na haidrokotisoni nazo zina tabia hiyo hiyo. Ukiziweka pamoja umewasha mafiga mawili chini ya sufuria moja. Potasiamu ikishuka sana misuli hulegea na moyo hupiga ovyo. Anayetumia furosemidi au kidonge kingine cha kukojoza maji yuko karibu zaidi na shimo hilo.

Peremende moja mara moja kwa mwaka halimuui mtu. Kikombe cha kila siku kinaweza kumfikisha hospitali.

Chumvi nipunguze kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate. Kwa anayetumia prednisoloni kwa wiki nyingi, hicho kiwe kikomo cha kweli.

Shida ni kwamba mtu wa pwani akiambiwa "punguza chumvi" hukiondoa kile kikopo mezani akaona amemaliza. Chumvi yetu haikai mezani. Imo kwenye papa ng'onda na nguru wa chumvi. Imo kwenye achari, kwenye vile vidonge vya kutia ladha mchuzi, kwenye pakiti za viungo vya pilau vilivyochanganywa kiwandani, kwenye chipsi zinazomwagiwa mara mbili, kwenye soseji, kwenye tambi za pakiti na unga wake. Ng'onda unaweza kumlowanisha usiku kucha, ukamwaga maji mara mbili tatu. Chumvi hupungua ingawa haiishi.

Na magadi. Hili wengi hawalijui, hata wahudumu wenzangu. Magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi, kwenye mlenda na kisamvu, ni madini ya sodiamu, na ni sodiamu hiyo hiyo ya kwenye chumvi inayoshika maji mwilini. Ulimi hauonji chumvi lakini figo zinaijua. Baking powder na soda ya kupikia ni kadhalika. Maharage yaliyolowekwa tangu jana yataiva bila magadi.

Mama alipoanza dawa, tulipambana na mchuzi. Aliona hauna ladha, akawa hali. Kilichotuokoa ni tui la nazi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili mbichi, na kutia chumvi mwisho sufuria ikishaipuliwa, maana ile ya juu huonekana ulimini haraka kuliko iliyopikiwa ndani. Baada ya wiki tatu hivi ulimi wake ulizoea. Sasa akila kwa watu analalamika kuwa wanatia chumvi nyingi.

Chumvi za badala, zinazouzwa madukani kuwa hazina sodiamu, mara nyingi ni potasiamu tupu. Mwenye figo dhaifu asiziguse bila ushauri.

Je, yupo asiyetakiwa kupunguza chumvi?

Yupo, na namwomba asome hapa kwa makini. Mtu ambaye tezi zake za adrenali zenyewe zimekufa, maradhi yanayoitwa ya Addison, anatumia haidrokotisoni kurudisha kile ambacho mwili hautengenezi, mara nyingi pamoja na fludrokotisoni, dawa ya kuusaidia mwili kushika chumvi. Mwili wake humwaga chumvi. Huyo akifuata ushauri niliotoa hapo juu atadhurika. Ale chumvi kama alivyoelekezwa kliniki, hasa siku za joto na jasho. Balungi na urukususu bado si vyake.

Sina kisukari. Sukari inanihusu nini?

Inakuhusu. Steroidi huliambia ini litoe sukari zaidi, na huzifanya seli ziwe nzito kuipokea. Kwa mwenye kisukari, vipimo huruka. Kwa ambaye hana, anaweza kukipata akiwa ndani ya dawa, hasa kama dozi ni kubwa, umri umekwenda, uzito ni mkubwa, au wazazi walikuwa nacho. Deksamethasoni, ambayo haishiki chumvi sana, kwenye sukari ina mkono mzito. Hata sindano moja ya steroidi ndani ya goti inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Prednisoloni iliyomezwa asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana hadi jioni, kisha usiku inashuka. Mtu anapima alfajiri kabla ya kula, anaona namba nzuri, anafurahi, kumbe saa kumi na moja jioni damu yake ni sharubati. Kama una kipimo nyumbani, pima saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha usiku. Ukiona kiu isiyokwisha, mkojo wa kila saa na macho kupata ukungu, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo cha kuangaliwa zaidi ni glasi ya mchana na ya alasiri. Soda za kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni kama vijiko saba vya chai. Juisi ya miwa haina unyenyekevu wowote kwa kuwa imekamuliwa mbele yako. Juisi ya ukwaju au ya ubuyu ni nzuri mpaka pale inapotiwa sukari. Chai ya maziwa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, nayo ihesabiwe. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi hautagutuka. Asali, sukari guru na tende ni sukari pia, ingawa tende mbili tatu zenye nyuzinyuzi si sawa na soda.

Tunda zima ni bora kuliko juisi yake. Ugali, wali na chapati havikatazwi. Ni rundo lake. Jaza nusu ya sahani mboga za majani na mboga nyingine, robo samaki, maharage au nyama, robo iliyobaki iwe ugali au wali.

Nina njaa ya ajabu, naamka usiku kula. Nina minyoo?

Ni dawa. Prednisoloni huamsha njaa isiyo ya kawaida, na uso huanza kuwa duara, tumbo likajaa, miguu ikabaki myembamba. Wanawake wengi hulia hapa dirishani, nami siwalaumu, kwa sababu watu huwapongeza kwa "kunawiri" wakati wao wanaumwa. Si ulafi na si udhaifu wa nafsi. Uso hupungua dozi inaposhushwa.

Usishindane na njaa hii kwa kulala njaa. Ipe vitu vinavyokaa tumboni: choroko, kunde, mbaazi, yai la kuchemsha, mtindi usiotiwa sukari, tango, karoti, mahindi ya kuchoma, karanga kiganja kimoja zisizo na chumvi. Bagia na kachori za jioni ziwe za siku moja moja. Maandazi yasilale ndani ya nyumba, ndivyo tulivyofanya sisi.

Ndizi na madafu vinasaidia?

Kwa wengi, ndiyo. Dawa hii hupoteza potasiamu, na potasiamu imejaa kwenye ndizi, madafu, parachichi, viazi vitamu, maharage, mchicha na papai. Dafu moja linaweza kuizidi ndizi mbivu. Lakini kama figo zako zina hitilafu, au unatumia spironolaktoni au dawa za presha za jamii ya enalaprili na losatani, potasiamu inaweza kupanda badala ya kushuka. Muulize anayekutibu kabla ya kuanza kunywa madafu matatu kila siku. Kipimo cha damu ndicho kinachosema upande uliopo.

Mifupa inaingiaje hapa?

Inaingia mapema kuliko watu wanavyodhani. Mifupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, hata kwa dozi zisizo kubwa. Anayetarajiwa kutumia kwa miezi mitatu au zaidi alenge miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalisi kwa siku pamoja na vitamini D.

Kikombe cha maziwa, fresh au mgando, kina karibu miligramu 300. Asiyepatana na maziwa ana dagaa, na wanaoliwa mzima mzima, mifupa na vichwa, ni hazina ya bei nafuu katika kila soko la Afrika Mashariki. Chagua waliokaushwa juani bila chumvi, wale wa ziwa, kuliko waliochemshwa na maji ya chumvi. Ufuta nao una kalisi, na sukumawiki. Mchicha una kalisi lakini pia una asidi inayoifungia, hivyo usiutegemee kwa hilo.

Vitamini D tunaidhania kuwa ni bure kwa sababu ya jua letu. Mama anayeshinda ndani, au anayetoka amejifunika mwili mzima, anaweza kuikosa akiwa Tanga, Mombasa au Muscat. Walio Ulaya na Marekani Kaskazini miezi ya baridi ndio zaidi. Vidonge vya kalisi na vitamini D havina bei ya kutisha, ulizia kliniki.

Mtoto wangu ana figo, amevimba, amepewa prednisoloni. Nimpe mayai mengi?

Mzazi huambiwa protini inatoka kwenye mkojo, naye kwa mapenzi yake humpa mtoto mayai manne kwa siku ili kuirudisha. Haisaidii. Mpe protini ya kawaida ya umri wake: yai, samaki, maharage, maziwa, kama watoto wenzake.

Kinachosaidia ni kuzuia chumvi wakati bado amevimba. Pakiti za vitafunwa vya chumvi na soda ndivyo wajomba na mashangazi wanavyoleta wakija kumwona mgonjwa. Waambie mapema walete matikiti, ndizi, au kitabu cha kuchora. Dozi ya mwanzo huwa kubwa na huchukua wiki nne hadi sita kila siku, kisha siku moja ndiyo, moja hapana. Njaa itamfanya awe mkali na wa kulia. Ni mtoto yule yule, dawa inapita.

Kahawa, chai na miraa?

Kikombe kimoja au viwili vya kahawa asubuhi, baada ya kula, si tatizo. Kahawa chungu ya barazani baada ya isha ni tatizo kwa mtu ambaye tayari dawa inamnyima usingizi. Chai ya tangawizi, mchaichai, iliki au mdalasini kwa kiasi cha kupikia haina ugomvi na dawa.

Miraa, au mirungi, hupandisha presha, huongeza mapigo ya moyo na hufukuza usingizi. Steroidi zinaweza kufanya hayo hayo. Tena mtafunaji huisindikiza na soda na chai tamu usiku kucha. Sioni namna ya kuipatanisha.

Bia moja?

Pombe haiivunji nguvu dawa, lakini inachokoza tumbo, inadhoofisha mifupa na inavuruga sukari, mambo matatu ambayo dawa tayari inayafanya. Kwa kozi ya siku tano ya pumu, subiri imalizike. Kwa wa muda mrefu, kidogo na kwa nadra, tena tumbo likiwa na chakula. Gongo na chang'aa hapana, kwa yeyote.

Hatari inayonikosesha raha zaidi ni pombe, prednisoloni na diklofenaki siku moja. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikikutana na steroidi, uwezekano wa kidonda cha tumbo kutoka damu hupanda mara nyingi. Choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kukuche.

Naweza kufunga Ramadhani?

Zungumza na daktari katika Shaaban, si usiku wa kuandama mwezi. Anayemeza mara moja kwa siku, na ugonjwa wake umetulia, mara nyingi dozi huhamishiwa daku, ameze akiwa ameshakula. Mwenye maradhi ya Addison, au anayetumia dozi kubwa kwa muda mrefu, yuko katika hatari kubwa ya kupungukiwa maji na kuzimia, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Usiruke dozi ili ufunge.

Kwenye futari, anza na maji na tende moja au mbili, kisha supu isiyo na chumvi nyingi. Kaimati, tambi za sukari, uji mtamu na sharubati kwa mkupuo mmoja jioni ni mzigo mkubwa kwa mwili ulio ndani ya prednisoloni. Chagua kimoja.

Natumia pia dawa za asili. Zina shida?

Tangawizi, kitunguu saumu, habasoda na mlonge kwa kiasi cha chakula havinipi wasiwasi. Vikitengenezwa vidonge na unga wa kunywa vijiko vingi kila siku, mwambie daktari, hasa kama unatumia dawa za kisukari au za kulainisha damu.

Kinachonipa wasiwasi wa kweli ni unga na vidonge visivyo na anwani vinavyouzwa kwa maumivu ya viungo na pumu, vinavyotuliza siku ile ile. Katika nchi nyingi, dawa za namna hiyo zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa kwa siri na deksamethasoni au diklofenaki. Mtu anameza steroidi mbili bila kujua. Vivyo hivyo "vidonge vya kunenepa" vinavyouzwa kwa mabinti: vingi ni deksamethasoni pamoja na dawa ya mzio inayoleta njaa. Unene ule ni maji, mafuta na uso wa duara, na akiviacha ghafla anaweza kuanguka. Naandika haya nikiwa na uchungu, kwa sababu nimewaona.

Maziwa mabichi na mishkaki?

Kinga yako imepunguzwa makali. Chemsha maziwa mpaka yachemke kweli, yakiwemo ya ng'ombe wako mwenyewe. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havijali ng'ombe ni wa nani. Mishkaki iive ndani, yai liwe gumu, kachumbari ioshwe kwa maji safi, urojo uwe wa moto. Na vaa viatu shambani: kuna mnyoo mdogo anayeingilia kwenye nyayo, ambaye kwa mtu aliye kwenye steroidi anaweza kuzaliana mwilini bila breki.

Natumia pampu ya pumu tu, au krimu.

Chakula hakihusiki. Sukutua mdomo na uteme maji baada ya pampu, usipate utando mweupe ulimini. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali ni habari nyingine, na hazifai.

Kuna harusi Jumamosi. Niruke dawa siku mbili ili nile vizuri?

Usiruke. Mama yangu alifanya hivyo katika mwaka wake wa nne wa dawa. Mtu aliyemwamini alimwambia dawa na vyakula vya sherehe ni sumu, akaona heri aache vidonge mpaka shughuli ipite. Siku ya tatu alilegea kama nguo iliyolowa, akatapika, presha ikashuka, tukambeba. Mwili uliozoea kupewa kotisoli kwa zaidi ya wiki tatu huenda umezilaza tezi zake, na haziamki kwa siku mbili. Dozi hushushwa polepole, na anayeshusha ni daktari.

Pilau ya siku moja inasameheka. Meza dawa yako, kula kidogo cha kila kitu, acha soda, kunywa maji, na kesho rudi kwenye mchuzi wako.

Nimemeza kisha nimetapika. Nifanye nini?

Ukitapika ndani ya nusu saa, meza tena ukiwa umekula kitu chepesi, kama uji au kipande cha mkate. Ukitapika tena, au ukiharisha sana, na umekuwa kwenye dawa kwa muda mrefu au una maradhi ya Addison, nenda hospitali usiku huo huo na pakiti yako mkononi. Sema mlangoni: "Natumia steroidi, na dawa haikai tumboni." Watajua kwamba unaweza kuhitaji haidrokotisoni ya sindano.